Trauti wangu wamekufa saa nne asubuhi na maji ni masafi kabisa. Hii ni nini wadau?

Wa_Kieni:
Wadau habarini. Niko upande wa Kieni, Nyeri, nina vidimbwi viwili vya trauti, vya udongo tu, nimechimba mwenyewe na vijana wa hapa, kila kimoja kama mita 20 kwa 10 na kina cha mita moja hivi. Maji napata mtoni kupitia mtaro wa jamii, na huo mtaro unapita mashamba ya watu sita kabla haujanifikia, yanaingia kidimbwi cha juu, yanashuka cha chini, halafu yanarudi mtoni. Samaki ni trauti aina ya renbo, vifaranga huwa nachukua kituo cha Kiganjo.

Sasa sikieni. Alhamisi saa moja asubuhi nimewalisha wamekula vizuri kabisa, ile fujo ya kawaida maji yanaruka mpaka yananilowesha. Nikaenda kukamua, nikapeleka maziwa, kurudi saa nne hivi nakuta maajabu. Samaki wanaogelea kwa ubavu, wengine wanazunguka kama pia, wengine wanaruka mpaka nje kwenye nyasi halafu wanatulia wanazama. Wale wadogo wa kidimbwi cha juu walikuwa wameshaisha. Nikakimbia kuziba mtaro kwa magunia, ndio nikaokoa kama nusu ya kidimbwi cha chini, lakini cha juu hakuna kitu, sifuri. Maji ukiyaangalia ni masafi unaona mpaka chini, hayana harufu, hayana povu. Usiku kulinyesha kidogo tu.

Kabla sijajua nifanye nini majirani wameshafika na ndoo wanaokota, wanasema samaki ni samaki. Paka wangu naye amekula wawili wazima.

Halafu mzee wangu amekaa pale kwenye kiti anatikisa kichwa ananiambia enzi zao huo mto ulikuwa na trauti aina ya brauni, ile yenye madoa mekundu ubavuni, wazungu wanakuja na fimbo zao Jumamosi, na leo ukitafuta hata mmoja hupati. Sasa swali langu ni mawili. Moja, nini kimeua samaki wangu. Mbili, ndicho hichohicho kilichomaliza brauni wa mzee?

BabuPerege:
Pole sana mkuu. Hiyo ni oksijeni, wala usiumize kichwa. Mimi nafuga perege mwaka wa tisa huu, nimeona hayo mambo mara tatu, unaamka unakuta wote juu midomo wazi. Kama kulinyesha basi maji yalijigeuza, tope la chini likapanda juu likala hewa yote. Punguza chakula, weka pampu ya hewa, mambo yatakuwa sawa. Trauti ndio kabisa, huyo ni samaki wa kudekezwa, perege anavumilia hata hewa ikibaki miligramu mbili kwa lita, trauti ikishuka chini ya tano tayari anatafuta pa kukimbilia.

Wa_Kieni:
@BabuPerege asante mzee lakini kuna kitu sikusema. Jana nimepanda na mtaro kuangalia kama umeziba. Kwenye mawe nimekuta kaa wamekufa, wale kaa wa mtoni wa rangi ya udongo, nimehesabu kumi na moja nikaacha. Nikageuza mawe, vile vidudu vya chini ya mawe navyo vimelala tu havitembei. Lakini vyura wakubwa wako sawa wanaruka. Na samaki hawakuwa juu midomo wazi, walikuwa wanacheza kama waliolewa.

FundiVidimbwi:
Hapo kwa kaa ndipo ulipotoa jibu lako mwenyewe, ungeanza napo tungeshamaliza zamani.

Nimefanya kazi kwenye vitotoleshi vya samaki miaka mingi, na kitu nilichojifunza ni kwamba maji hayakuambii kitu kwa macho, wafu ndio wanaosema. Unauliza nani amekufa, nani ametangulia, saa ngapi, na nani hakufa.

Oksijeni huua alfajiri, kwa sababu usiku mimea ya majini nayo inavuta hewa na hakuna jua la kutengeneza nyingine. Wakubwa ndio hutangulia, wadogo wanaweza kuishi kwenye kale kamkanda kembamba ka juu. Na samaki wanajazana pale maji yanapoingia, wanakuja juu kuvuta. Wewe samaki wako walikula saa moja kwa fujo, wakafa saa nne jua liko juu, wadogo wakatangulia, tena kidimbwi cha juu kabla ya cha chini. BabuPerege usikasirike, hiyo si oksijeni, hiyo ni kitu kilichokuja na mtaro.

Ila babu hajakosea kote. Huko juu hewa ni pungufu kweli, maji ya nyuzi 15 usawa wa bahari yanabeba kama miligramu 10 za oksijeni kwa lita, ukipanda mita 2000 yanabaki kama 8. Kwa hiyo mfugaji wa trauti mlimani anaanza siku akiwa na akiba ndogo, na tope likimziba mashavu hata hiyo 8 haimfai.

Sasa sumu gani. Ingekuwa amonia ungeona zaidi kwenye kidimbwi cha chini kinachopokea uchafu wa cha juu, na isingeua kaa wa kwenye mtaro. Ingekuwa naitraiti ungepasua shavu ukakuta damu ya rangi ya chokoleti. Ingekuwa shaba ya kupulizia kahawa, kwanza uko juu sana kwa kahawa, pili shaba huwa hailewi samaki namna hiyo, inaharibu mashavu wanakufa polepole. Kaa na vidudu vya chini ya mawe kufa pamoja na samaki wanaozunguka kama pia, vyura wazima, hiyo mimi naiita kwa jina moja, dawa za kundi la pairethroidi. Zile za kupuliza kabeji, na baadhi ya zile za kupe. Cypermethrin, deltamethrin, lambda-cyhalothrin, soma lebo yoyote dukani hapo kwenu utaziona.

Watu wanaziamini kwa sababu hazimdhuru sana ng'ombe wala mtu, mwili wetu unazivunja haraka. Samaki hawezi kuzivunja haraka namna hiyo, halafu anazivuta moja kwa moja kwa mashavu. Zikishafika kwenye neva mlango unabaki wazi haufungi, neva inapiga tu bila kupumzika, ndio hiyo unaona anazunguka. Na maji baridi yanazidisha, wala hayapunguzi. Kwa hiyo maji ya mlimani yanayompendeza trauti ndiyo hayohayo yanayoipa hii dawa nguvu.

Na kipimo chake ni kidogo mpaka mtu haamini. Trauti anakufa kwenye mikrogramu moja mbili hivi za cypermethrin kwa lita. Chukua chupa ya dukani ya asilimia 5, yaani gramu 50 kwa lita. Kifuniko kimoja cha mil 10 kina nusu gramu. Nusu gramu ni mikrogramu laki tano. Kidimbwi chako cha 20 kwa 10 kwa mita moja kina lita laki mbili. Piga hesabu mwenyewe. Kwa mikrogramu moja kwa lita, kifuniko kimoja kinatosha vidimbwi viwili na nusu. Huyo mtu hakuhitaji kumwaga debe, alihitaji kusuuza pampu ya mgongoni tu kwenye mtaro baada ya kupuliza, na pengine hata hajui kama amefanya kosa.

Wa_Kieni:
Aisee. Kuna jirani ana kabeji pale juu, na mwingine ana ng'ombe wa maziwa anawapulizia kupe palepale kwenye daraja la mtaro. Nichukue maji nipeleke maabara?

FundiVidimbwi:
Leo ni siku ya tatu, maji yameshapita yako Tana huko. Hizi dawa hazipendi kukaa kwenye maji, zinashika tope na majani. Ukipeleka maji utaambiwa hakuna kitu, halafu jirani atakucheka na cheti chako. Chukua tope la juu juu, lile laini, sehemu tatu, upande wa juu wa shamba la kabeji, upande wa chini wa daraja la ng'ombe, na mdomoni pa kidimbwi chako. Tumia chupa za kioo zilizooshwa, sio za plastiki, dawa inashika plastiki. Samaki kama una waliobaki funga kwenye foili weka friza. Andika tarehe na saa. Piga picha na jirani mwingine akiwepo, asiye na ugomvi na wewe.

Na usimtaje mtu jina kabla majibu hayajaja. Nimeona mto mmoja watu walitoana meno kwa ajili ya kidimbwi, kumbe aliyemwaga ni mtoto wa mwenye kidimbwi.

dada_Mwihaki:
Samahani naingilia lakini hakuna mtu amejibu kuhusu wale majirani wenye ndoo. Walikula?

Wa_Kieni:
Walikula. Wengine walienda kuuza pale senta. Hakuna aliyeugua mpaka sasa.

FundiVidimbwi:
Kama ni pairethroidi, kinachobaki kwenye nyama ni kidogo na kwa mtu mzima uwezekano wa kuugua ni mdogo. Lakini wao walijuaje kuwa ni hiyo? Siku hiyo hata wewe hukujua. Ingekuwa dawa ya kundi lingine tungekuwa tunaongea matanga hapa. Samaki aliyekufa bila sababu kujulikana haliwi, anazikwa mbali na mto, shimo refu, hata mbwa asifukue.

BabuPerege:
Kwa hilo nakubali mia kwa mia. Sisi wa ziwani tunakumbuka 1999 Ulaya ilivyofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu ya mashambani. Viwanda vikasimama, sangara akawa hana bei, wavuvi waliokuwa hawajawahi kugusa sumu maishani wakalala njaa pamoja na wale wajinga.

Na nimekubali kuhusu kaa. Mimi bwawani kwangu sina kaa ndio maana sikuuliza.

Shiro_Kristiansand:
Nimefurahi kuona uzi wa trauti kwa Kiswahili, sikutarajia haki ya nani. Mimi ni wa Othaya lakini miaka kumi na moja sasa niko kusini mwa Norway, na huku trauti ndio samaki wa kila mtu, brauni hasa, ndiye wa asili hapa. Nataka kumjibu mzee wa Wa_Kieni kwa sababu alichosema yeye ndicho wazee wa huku walisema pia, kwamba mto ulikuwa na samaki na siku moja hauna.

Huku hakuna aliyemwaga kitu mtoni. Sumu ilitoka juu. Moshi wa makaa ya mawe ya Uingereza na nchi nyingine za Ulaya ulikuwa unasukumwa na upepo unashuka huku kama mvua na theluji yenye asidi. Udongo wa huku ni mwembamba juu ya mwamba wa graniti, hauna chokaa ya kuituliza. Theluji ikiyeyuka asidi ya miezi yote inashuka kwa siku chache. Mwaka 1975 mto Tovdal, uko karibu kabisa na ninapokaa, trauti waliokotwa wamekufa kwa maelfu. Na hiyo ndiyo iliyoonekana tu. Maziwa kwa maelfu kusini huku yalipoteza brauni kimyakimya hakuna aliyeona hata maiti.

Na jinsi yalivyopotea ndipo pananisisimua. Asidi yenyewe inaua mayai na vifaranga kwanza, wakubwa wanavumilia. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa wavuvi walikuwa na furaha, wanavua samaki wachache lakini wakubwa wanene, kwa sababu hakuna wadogo wa kugombania chakula. Walidhani ziwa limenona. Kumbe walikuwa wanavua wazee wa mwisho. Halafu mwaka mmoja hakuna kitu.

Kingine, asidi haiui peke yake. Maji yakishuka pH, kile kipimo cha asidi, hadi kama 5 yanachota aluminiamu kwenye udongo, hiyo ikifika kwenye mashavu ya samaki inaganda, kamasi linajaa, hewa haipiti na chumvi ya damu inavuja nje. Maji ya namna hiyo ni maangavu kama kioo. Ukiyaangalia unasema mazuri sana, kumbe ndani hakuna samaki anayeishi.

Wakaanza kumwaga chokaa mitoni, mpaka leo wanamwaga, Tovdal walianza miaka ya 90, na mikataba ya kupunguza moshi ilianza 1979, na samaki wamerudi sehemu nyingi. Lakini ni kazi ya miaka arobaini.

Wa_Kieni:
Dada Shiro umenigusa kwa hiyo ya samaki wakubwa wachache. Nimemsomea mzee, akanyamaza, kisha akasema hata hapa miaka ya mwisho walikuwa wanapata mmoja mmoja lakini mkubwa wa mkono mzima. Sasa ni asidi na huku pia?

FundiVidimbwi:
Hapana, huku siamini kama ni asidi, ila ishara ni ileile. Ukiona wakubwa tu bila wadogo jua mayai hayatoki, chochote kiwe ndicho kinachoyaua.

Kwa mito ya Aberdare na Mlima Kenya mimi namshuku tope. Trauti hatagi majini tu kama perege anayebeba mayai mdomoni. Jike anachimba changarawe kwa mkia, anataga, anafukia, na mayai yanakaa pale chini wiki nyingi yakitegemea maji yapenye katikati ya vijiwe. Watu wakilima viazi mpaka mlangoni pa mto, mvua moja inashusha udongo laini unajaza zile nafasi kama saruji. Mayai yanakosa hewa chini ya ardhi na juu mto unaonekana unapita vizuri. Ongeza mitaro kama wako huo inayochota maji kiangazi, mto unapungua unapata joto, trauti hataki joto. Hakuna siku moja ya kusema leo ndio walikufa.

Wewe renbo wako hujaona shida hiyo kwa sababu mayai yao yanaanguliwa Kiganjo kwenye trei za maji safi, kituo kiko pale tangu 1948. Mto ukipoteza uwezo wa kuangua, mwenye kidimbwi hajui.

Kwa hiyo kwa swali lako la pili, hapana, aliyemaliza brauni wa mzee si huyu wa Alhamisi. Ila huyu wa Alhamisi akirudia mara moja kwa mwaka hakuna atakayerudi hata tope likiisha, maana vidudu vya chini ya mawe ndio chakula chao.

TejaWaMtaa:
Kwani hamjui trauti wanakuwa mateja? Wacheki walifanya utafiti 2021, wakaweka brauni kwenye maji yenye ile dawa ya kulevya methi, mikrogramu moja kwa lita, wiki nane. Kuwatoa kwenye maji safi wakawa wamezubaa, ukiwapa kuchagua wanaenda upande wenye dawa. Mkojo wa walevi wa mjini unapita kwenye mitambo ya maji taka hautoki wote. Wa_Kieni angalia kama samaki wako hawakuwa wanadai dozi tu.

Shiro_Kristiansand:
@TejaWaMtaa 😂 unacheka lakini ni kweli, na ya vidonge vya kupanga uzazi ni mbaya zaidi. Kanada waliweka homoni ya vidonge kwenye ziwa zima la majaribio kuanzia 2001 kwa miaka mitatu, nanogramu tano sita tu kwa lita, madume ya vile visamaki vidogo wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na jamii nzima ya visamaki hivyo karibu iishe ziwani. Hakuna aliyekufa kwa kuzunguka kama pia. Walisahau tu kuzaana.

BabuPerege:
Lakini jamani samaki nao huzoea. Maji ya utotoni kwetu yalikuwa machafu na tulivua.

Shiro_Kristiansand:
Mzee wangu wengine huzoea kweli. Kuna mto Hayle kule Cornwall, Uingereza, ulipita kwenye migodi ya shaba na bati ya zamani, brauni wa pale wanaishi kwenye madini ambayo trauti wa kwingine akiwekwa anakufa. Ila walipimwa vinasaba wakakutwa wamebaki wa aina moja moja, ukoo mwembamba. Waliozoea ni wajukuu wa wachache waliosalimika, na likija jambo lingine hawana akiba ya kuchagua. Na huwezi kubahatisha nani atazoea nini. Kuna kemikali ya matairi ya magari iliyogunduliwa 2020 huko Marekani upande wa Seattle, inaua samoni wa aina ya coho wakirudi kutaga mvua ikinyesha barabarani. Renbo inamuua pia kwa kiasi kidogo sana. Vifaranga vya brauni walipojaribiwa hawakufa. Ni binamu kabisa hao wawili.

Wa_Kieni:
Lami iko juu yangu mita mia tatu 🙆

MwanaMara:
Salamu toka Musoma. Nimesoma uzi wote nikacheka peke yangu kwenye daladala maana nyie mna bahati, mna kaa wa kutoa ushahidi. Sisi Machi 2022 mto Mara uligeuka mweusi, unanuka, samaki wamejaa wamekufa kule Kirumi, kila mtu akasema mgodi, mgodi, mgodi. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Manyele, ikarudi na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza kwenye kinamasi. Nchi nzima ikacheka. Mpaka leo ukitaja mkojo wa ng'ombe hapa kijiweni watu wanaanguka.

Mimi sijui nani mkweli na sijaja kuanzisha hiyo vita. Nataka tu kusema kitu kimoja, kinyesi kuua samaki si kichekesho. Upande wa Kenya wa mto huohuo kuna viboko zaidi ya 4000, watafiti walipiga hesabu wakapata tani 36 za kinyesi kila siku majini. Kiangazi kinatulia chini ya madimbwi ya viboko, hakuna hewa kule, maji meusi. Mvua kubwa ikija inasukuma lile lote kwa mkupuo mmoja, oksijeni inashuka mtoni, samaki wanakufa kilomita nyingi chini. Imepimwa mara kadhaa, na hakuna mgodi pale katikati. Kwa hiyo mweusi unaonuka, hapo ndipo oksijeni ya BabuPerege inapoingia. Na yule aliyetaka kujua kama kuna madini alitakiwa achukue sampuli siku hiyohiyo, sio kamati ifike siku zimepita. Huyu fundi amesema tope, ningempa kura.

BabuPerege:
Nimepata wa kunitetea hatimaye 😂

Wa_Kieni:
Mrejesho wadau, samahani nimekawia.

Nimefanya kama fundi alivyosema, tope sehemu tatu, chupa za jemu za kioo. Majibu bado, maabara wamesema wiki mbili na bei yenyewe ningenunua vifaranga mia kadhaa. Lakini kabla ya hapo jambo limejileta lenyewe. Jumapili kamati ya maji ilikaa, sikumtaja mtu, nikasimama nikaeleza hesabu ya kifuniko. Nikachukua kifuniko chenyewe nikakiinua. Ukumbi ukawa kimya, halafu mama mmoja wa kabeji akasema taratibu kwamba Jumatano jioni aliazima pampu ya jirani wa ng'ombe, akapuliza, giza likaingia, Alhamisi asubuhi akaisuuza mtaroni kabla ya kuirudisha, kwa heshima, asirudishe pampu chafu. Pampu chafu ya watu hairudishwi, nani atamlaumu. Na jirani naye akasema ndani kulikuwa bado na dawa ya kupe ya kwake. Kwa hiyo sijui hata ni ya nani iliyoua, pengine zote mbili.

Hakuna aliyelipishwa. Tumekubaliana pampu zitasuuzwa shambani na maji yamwagwe palepale penye mimea iliyopulizwa, mita thelathini kutoka mtaroni, na ng'ombe wapuliziwe upande wa pili wa barabara. Atakayekwenda kinyume anafungiwa maji wiki moja. Yule mama ameniletea kabeji nne, nimezipokea, nimeziosha sana.

Fundi swali la mwisho. Nianze lini kurudisha samaki?

FundiVidimbwi:
Usirudishe kwa kalenda. Toa lile tope laini la juu kwenye kidimbwi, lipeleke shambani mbali na maji, acha maji mapya yapite. Halafu panda mtaroni kila wiki ugeuze mawe. Ukikuta vidudu vimerudi vinatembea, weka vifaranga kumi ndani ya kikapu cha wavu siku nne. Wakila na kuogelea wima, lete wengine.

Na yule paka? Paka na pairethroidi hawapatani kabisa, mwili wake nao hauwezi kuzivunja vizuri. Nilitaka kuuliza tangu siku ya kwanza nikaogopa.

Wa_Kieni:
Paka ni mzima. Alilala siku nzima lakini huyo hulala siku nzima. Shida ni kwamba sasa kila asubuhi saa nne anaenda kukaa pale kidimbwi cha juu anasubiri.